Papa Mdogo Anayewasha Taa kwa Damu

Etmopterus spinax, papa mdogo wa tumbo jeusi anayetoa mwanga, si samaki adimu. Shusha dhulumati, yaani mshipi mrefu wenye ndoana nyingi, hadi mita 200 au 300 kwenye fiodi (ghuba nyembamba na ndefu) za magharibi mwa Norwei na una nafasi nzuri ya kumpata. Wavuvi wa huko humwita svarthå, na kwa kawaida humchomoa kwenye ndoana wakamtupa, maana hana soko la maana. Linnaeus, mwanasayansi Mswidi aliyeainisha viumbe, alimpa jina mwaka 1758, kwa hiyo wataalamu wamekuwa naye kwa zaidi ya miaka 260. Lakini namna anavyowasha taa zake ilijulikana mwaka 2009 tu, na jibu lilikwenda kinyume na kilichotarajiwa kwa wanyama wa baharini wenye mwanga.

Tuanze na kumtambua, kwa sababu wengi humchanganya na ndugu zake. Jenasi ya Etmopterus, papa taa, ina spishi zaidi ya 30, nyingi zikiwa nyeusi, ndogo na zenye miiba. Huyu kwa kawaida hazidi sentimita 45, na mkubwa kabisa hukaribia 60. Mgongo ni wa kahawia na tumbo ni jeusi ti. Mpaka wa rangi hizo mbili ni mkali, hauyeyuki taratibu. Mgongoni ana mapezi mawili, na mbele ya kila moja kuna mwiba. Pezi la nyuma ni kubwa kuliko la mbele, na mwiba wake ni mrefu zaidi na umepinda. Chini ya tumbo, kati ya tundu la haja na mkia, hana pezi lolote. Ukiliona, basi umeshika papa wa ukoo mwingine. Macho ni makubwa na ukiyamulika hurudisha mng'ao wa kijani. Meno ya juu ni madogo, kila jino lina ncha moja ndefu katikati na vincha pembeni. Ya chini yamelala upande na kushikana, yakawa ukingo mmoja wa kukatia. Ya juu hushika, ya chini hukata.

Anapatikana Atlantiki ya mashariki, kuanzia Iceland na Norwei, kushuka Ureno na visiwa vya Azores na Canary hadi Gabon, na pia Bahari ya Mediteranea. Kina chake cha kawaida ni mita 200 hadi 500. Ndani ya fiodi hupanda juu zaidi, na nje kwenye mteremko wa bara hushuka kupita mita 1,000. Kina si kigezo kizuri cha kumtambulia, basi. Tazama miiba na tumbo.

Mpapase ngozi. Papa wa pwani ngozi yake hukwaruza kama msasa kwa sababu imefunikwa na vijino vigumu vilivyobanana. Huyu navyo anavyo, ila ni vyembamba, vimepinda kama vindoana, na vimeachiana nafasi. Nafasi hizo zina kazi: ndimo taa zilimokaa. Vijino vikibanana, taa hufunikwa. Vikiondolewa kabisa, ngozi hubaki bila kinga. Maumbile yamechagua katikati.

Kila taa, ambayo wataalamu huiita fotofori, ina kipenyo kisichofika milimita 0.2, na tumboni ziko kwa maelfu mengi. Ikatwe wima na kuwekwa chini ya hadubini, sehemu zake huonekana kwa mpangilio. Chini kabisa kuna kikombe cha rangi nyeusi kinachozuia mwanga usirudi ndani ya mwili. Ndani ya kikombe kuna seli chache, si zaidi ya dazeni hivi, na hizo ndizo zinazotengeneza mwanga. Juu yake kuna tabaka la seli zenye rangi nyeusi inayoweza kutawanyika au kukusanyika, na hilo ndilo lango. Juu kabisa kuna seli angavu za lenzi zinazoelekeza mwanga nje. Hakuna bakteria wa kufugwa humo, tofauti na samaki wengi wenye mfuko wa mwanga. Papa huyu hutumia seli zake mwenyewe.

Sasa, taa hizi huwashwaje? Kwa samaki wenye mifupa wanaotoa mwanga kwa seli zao wenyewe, jibu limejulikana muda mrefu: mishipa ya fahamu. Ujumbe hutoka kwenye ubongo na taa hujibu papo hapo. Julien Claes na Jérôme Mallefet wa Université catholique de Louvain, Ubelgiji, walitarajia kuona kitu cha namna hiyo kwa papa. Walichokuta ni homoni, kemikali za mwili zinazosafiri kwa damu. Melatonini huwasha taa, nayo huziwasha polepole na kuziacha ziwake kwa saa kadhaa. Prolaktini pia huziwasha, kwa kasi zaidi, lakini mwanga wake hauchukui muda mrefu. Homoni ya tatu, alfa-MSH, huzima.

Ukitazama hizo homoni kwa makini, kuna jambo la kufurahisha. Ni za jamii ile ile ambayo kwa samaki na wanyama wengine hubadilisha rangi ya ngozi. Alfa-MSH hutawanya rangi nyeusi ndani ya seli, na ngozi ikawa na giza. Melatonini huikusanya, na ngozi ikapauka. Papa wa maji mafupi wanaoweza kubadilisha rangi ili wafanane na mchanga hutumia njia hiyo. Mwaka 2010 watafiti hao hao walitoa hoja kwamba mababu wa papa taa walipohamia kwenye vilindi hawakuunda swichi mpya. Walichukua mtambo wa zamani wa kubadili rangi wakaufunga juu ya taa. Rangi ikikusanyika, lango hufunguka na mwanga hutoka. Ikitawanyika, lango hufungwa. Kwangu mimi hii ndiyo habari kubwa kuliko mwanga wenyewe, kwa sababu inaeleza kwa nini papa huyu ni mpole wa kuwaka. Damu haiendi kwa kasi ya mshipa wa fahamu.

Namna jambo hili lilivyopimwa inafaa kuelezwa, maana ni rahisi kuharibu. Papa huvuliwa kwa dhulumati kwenye Raunefjord, karibu na Bergen, kwenye kina cha mita 180 hadi 250, kisha hupelekwa kituo cha baharini cha Chuo Kikuu cha Bergen. Huwekwa kwenye tangi la ujazo wa mita moja mchemraba hivi, lenye maji ya bahari yanayopita muda wote, baridi ya takriban nyuzi 6, ndani ya chumba chenye giza. Kwa jaribio, vipande vidogo vya duara, vyenye kipenyo cha milimita 5 hadi 6, hukatwa kwenye ngozi ya tumbo. Kila kipande huwekwa kwenye chombo chenye maji ya chumvi yaliyotengenezwa maalumu, homoni hudondoshwa, na mashine ya kupima mwanga huhesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, zinazotoka kila sekunde.

Mahali pa kwanza pa kuharibu ni hayo maji ya chumvi. Damu ya papa ina urea nyingi mno, kiasi ambacho kingemuua binadamu, na ndiyo inayosawazisha mwili wake na bahari bila kuhitaji chumvi nyingi ya ziada. Mtafiti akitumia maji yaliyotengenezwa kwa ajili ya samaki wa mifupa, seli za papa hunyonya maji na kuvimba, na kipande hakitoi matokeo ya kuaminika. Lazima urea iwekwe.

Mahali pa pili ni subira. Aliyezoea wanyama wanaomulika papo kwa papo hudondosha dawa, hungoja dakika moja, halafu huandika kwamba hakuna kitu. Melatonini inahitaji muda mrefu kuliko huo. Mahali pa tatu ni taa ya chumba. Jicho la binadamu linahitaji takriban dakika 20 hadi 30 za giza kamili kabla ya kuona mwanga hafifu wa namna hii, na simu ikiwashwa mara moja tu, hesabu huanza upya. Kwa kamera, lenzi hufunguliwa kwa sekunde nyingi, na papa akitikisika picha huwa ukungu. Ndiyo maana picha zake nzuri ni chache, na nyingi zinazozunguka mtandaoni zimeongezwa rangi.

Mwanga wenyewe ni wa buluu, wenye urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 485, karibu na ule unaopenya mbali zaidi katika maji ya bahari. Kwa nini papa awashe tumbo? Kwa sababu mita 200 chini mchana bado kuna mwanga hafifu unaotoka juu, na mnyama yeyote anayeogelea hapo huonekana kama kivuli cheusi kwa aliye chini yake. Tumbo likitoa mwanga wenye rangi na nguvu sawa na ule wa juu, kivuli hupotea. Wanaofaidika ni wawili: papa anayekwepa kuliwa, na papa huyo huyo anayemnyemelea ngisi kutoka juu.

Lakini hapo ndipo damu inapoleta shida. Wingu likifunika jua, mwanga wa juu hupungua kwa dakika chache. Ngisi mwenye taa za mishipa atapunguza mwanga wake hapo hapo. Papa huyu hawezi. Maelezo yanayoingia akilini zaidi, na ambayo vipimo vya fiodini vinayaunga mkono, ni kwamba yeye habadilishi taa, hubadilisha mahali. Anabaki kwenye kina ambacho mwanga wa juu unalingana na wake, akipanda jioni na kushuka asubuhi. Mwaka 2020 kikapatikana kitu kingine: ndani ya fotofori zenyewe kuna opsini, protini ya kuhisi mwanga kama zile za macho. Yaani taa ina uwezo wa kuhisi mwanga, na huenda inausikia wake yenyewe.

Jicho nalo limetengenezwa kwa maisha hayo. Juu ya jicho, kwenye ngozi ya tundu lake, kuna eneo angavu linalopitisha mwanga kutoka juu. Papa wasio na taa hawana kidirisha hicho. Kazi yake inayodhaniwa ni kumsaidia kulinganisha mwanga wa juu na wa kwake.

Halafu kuna miiba, na hapa watu wengi hukwama. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba kando ya kila mwiba wa mgongoni kuna mistari ya fotofori inayoumulika, na kwamba mwiba wenyewe hupitisha mwanga. Kwa hiyo papa aliyejificha kwa tumbo ana miiba miwili inayong'aa mgongoni, inayoonekana kutoka mita kadhaa. Mtu atauliza: anajificha au anajitangaza? Yote mawili, ila si kwa mtazamaji mmoja. Aliye chini haoni miiba, kwa sababu mwili uko katikati. Aliye juu au ubavuni haoni kivuli kwa sababu nyuma ya papa ni giza, lakini huona miiba na kuelewa kwamba mlo huu una gharama. Tumbo humsemesha wa chini, mgongo humsemesha wa juu.

Kuna pia taa za ubavuni, zilizopangwa kwa umbo linalotofautiana kati ya spishi na spishi, na nyingine sehemu za uzazi, pamoja na kwenye viungo viwili vya dume vya kupandishia. Hizo hazina msaada wowote wa kujificha. Inaelekea ni za kutambuana na kutafutana gizani. Watoto nao huzaliwa taa zikiwa tayari zinafanya kazi: fotofori hutokea wakiwa bado tumboni mwa mama, na kwa papa wa sentimita 12 hadi 14 anayetupwa baharini bila mlezi, kungoja kungekuwa kifo.

Chakula hubadilika na umri. Wadogo hula krili (viumbe wanaofanana na kamba wadogo), hasa Meganyctiphanes norvegica, na samaki wadogo waitwao Maurolicus muelleri, ambao nao wana taa zao tumboni. Wakikua, ngisi, kamba na samaki wakubwa zaidi huongezeka tumboni mwao. Ini ni kubwa na lina mafuta mengi, kwani papa hana kibofu cha hewa cha kumfanya aelee. Mafuta ya ini la papa ni yale yale yanayoitwa sifa kwenye pwani yetu, yaliyopakwa majahazi ili mbao zisioze, ingawa huyu ni mdogo mno kwa kazi hiyo.

Adui wake wa ajabu kuliko wote hana meno. Anaitwa Anelasma squamicola, na ni wa kundi la wale viumbe wenye magamba wanaoganda chini ya vyombo na kwenye nguzo za gati. Ndugu zake hujishika kwenye mwamba na kuchuja chakula majini kwa vijiguu vyenye manyoya. Huyu ameacha. Vijiguu vyake vimedhoofu, havichuji kitu, na badala ya kushika mwamba hupenyeza shina lake kwenye nyama ya papa, mara nyingi karibu na mwiba wa mgongoni. Kutoka kwenye shina hutoka vinyuzi kama mizizi vinavyonyonya lishe moja kwa moja. Mara nyingi huwa wawili wawili mahali pamoja. Papa hafi, lakini viungo vyake vya uzazi havikui ipasavyo, na wengi wa walioathirika hawazai kabisa. Uchambuzi wa jeni wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba ndugu yake wa karibu aliye hai leo ni Capitulum mitella, mkaaji wa miamba ya pwani za Bahari ya Hindi na Pasifiki, mchuja maji wa kawaida. Kutoka kwenye mwamba hadi kwenye nyama ya papa ni safari ndefu, na Anelasma ni mfano nadra wa mnyama ambaye bado ana umbo la zamani huku akiishi maisha mapya.

Anayetaka kumtafuta Anelasma asiangalie tumbo. Ageuze papa, achunguze kuzunguka miiba na mashavu, kisha aguse. Donge la zambarau iliyoiva, laini, lisilong'oka kwa kuvutwa, ndilo lenyewe. Kulivuta kwa nguvu hukata shina, na mizizi hubaki ndani.

Uzazi wa papa mzima nao ni wa taratibu. Mayai huanguliwa tumboni, na watoto huzaliwa wakiwa kamili. Maandishi ya jumla hutaja watoto 6 hadi 20, ila utafiti wa kusini mwa Ureno ulikuta wastani usiofika 8, na mzunguko wa uzazi wa miaka 2 hadi 3. Katika eneo hilo dume hupevuka akiwa na urefu wa sentimita 25 na jike 31 hivi, wakiwa na umri wa miaka 4 hadi 5. Umri mkubwa uliosomwa ulikuwa miaka 8 kwa dume na 11 kwa jike. Piga hesabu: jike anayefika miaka 11 atazaa mara mbili au tatu maishani mwake.

Umri huo husomwa kwenye mwiba wa pezi la pili, kwa sababu mifupa ya papa ni gegedu na haina kokwa za sikioni zinazosomwa kwa samaki wengine. Mwiba husafishwa nyama, hukatwa vipande vyembamba vya mviringo, hung'arishwa, kisha pete huhesabiwa chini ya hadubini. Kinachoharibu hesabu mara nyingi ni mahali pa kukata. Ukikata karibu na ncha, unakata sehemu iliyotokea mapema na kusagika, na pete za miaka ya karibuni hazimo. Ukikata chini mno, tundu la katikati ni kubwa na pete za mwanzo zimepotea. Wasomaji wawili wasioambiana matokeo ni lazima, la sivyo miaka huongezeka au kupungua kwa matakwa ya msomaji.

Shida ya papa huyu kwa wavuvi ni kwamba anakaa mahali wanapoishi kamba. Kusini mwa Ureno nyavu za kukokota zinazotafuta kamba wa kina humpata kwa wingi, na hurudishwa baharini wengi wakiwa wameshakufa. Nchini Norwei, kwanza kaskazini tangu mapema miaka ya 1990, nyavu za kamba hulazimika kuwa na chekeche la vyuma lililoinamishwa ndani ya wavu, nafasi kati ya fito zikiwa milimita 19. Samaki mkubwa hugonga fito, hupanda juu na kutoka kupitia tundu. Kamba hupita katikati na kuingia mkiani mwa wavu. Kifaa hiki kimeokoa chewa wa kaskazini (kodi) wengi. Kwa papa wa tumbo jeusi msaada wake una mpaka: mtoto wa sentimita 13 ni mwembamba kuliko nafasi ya fito, akapita pamoja na kamba. Kupunguza nafasi nako hakusaidii, kwani kamba mkubwa, ndiye anayelipa, atatoka. Kinachobaki ni kuchagua mahali na muda wa kukokota, na kupunguza saa za kila mkokoto ili wanaonaswa wasipondwe chini ya mzigo.

Kwa anayemchomoa kwenye ndoana, watu husema haina maana kumrudisha kwa sababu amepasuka kibofu cha hewa kwa kupandishwa haraka. Hana kibofu. Kinachomuua ni maji ya juu yenye joto, jua, mchubuko wa ngozi na muda nje ya maji. Mshike kwa kitambaa kilicholowa, kiganja kikiwa chini ya tumbo na vidole mbali na miiba, kwani mwiba wa nyuma umepinda na huchana unapochomoka. Usimning'inize kwa mkia. Maini yake ni mazito na hukandamiza sehemu nyingine. Kata uzi karibu na ndoana kama imeshuka kooni, badala ya kuichimbua. Kisha mshushe kichwa kikitangulia, upande wa chombo ulio kivulini, na ufanye haraka.